Jiwe la Yaspi na Mishipa Yake

Waamini wengi hulijua jina la yaspi kutoka katika Maandiko Matakatifu kabla ya kulishika jiwe lenyewe. Ndicho kito cha mwisho katika kifuko cha kifuani cha Aroni, na ndio msingi wa kwanza wa ukuta wa Yerusalemu mpya. Yohane anaiona yaspi ikiwa angavu kama bilauri, ilhali yaspi tuijuayo leo haipitishi mwanga. Huenda neno la Kiyunani *iaspis* lilijumuisha vito vya aina kadhaa. Kwa hiyo tusilipime ono la Mtume kwa jiwe la barabarani.

Yaspi ni silika, mada ileile ya kwatzi, iliyoshikamana kwa chembe zisizoonekana kwa macho. Wekundu wake hutokana na hematiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Jiwe lilipopasuka ardhini, maji yenye madini yalipenya katika nyufa, na madini hayo yakaganda humo. Hiyo ndiyo mishipa. Mshipa mweupe usiochubuliwa na kisu aghalabu ni kwatzi. Ukichubuka kwa urahisi, na unga wake ukatoa povu katika siki, basi ni kalsiti. Mshipa mweusi unaovuta sumaku una magnetiti.

Hapa Mandewa, katika Manispaa ya Singida, majabali yanayotuzunguka ni ya itale. Jiwe jekundu linalookotwa kwetu, basi, mara nyingi ni feldispa, ambayo huvunjika kwa nyuso bapa zinazong'aa. Yaspi huvunjika kwa mikunjo kama gamba la kombe, tena hukwaruza kioo. Miamba ya kale yenye matabaka ya chuma na silika, ambamo yaspi hupatikana zaidi, imo upande wa Sekenke wilayani Iramba, kulikochimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani.

Jina la Sekenke ndilo huwaponza watu. Mshipa wa manjano ung'aao huitwa dhahabu papo hapo, na bei hupanda. Uponde kipande kidogo: piriti husagika na kuwa unga mweusi, dhahabu hubapa bila kuvunjika. Funika pua na macho unapoponda, kwani vumbi la silika huharibu mapafu. Yaspi yenyewe kwa kawaida si ghali. Asiuze mtu mbuzi wake kwa ajili yake. Mwenye shaka alipeleke jiwe kwa maofisa wa Tume ya Madini mjini Singida kabla ya kutoa fedha.