Kasi ya prosesa na RAM: Kasha halimwambii mnunuzi kila kitu

MNUNUZI anayeingia katika duka la vifaa vya elektroniki jijini Nairobi akitafuta tarakilishi ya kuchezea michezo ya video huonyeshwa tarakimu mbili kabla ya nyingine zote. Ya kwanza ni kasi ya prosesa, ambayo huhesabiwa kwa gigahezi. Ya pili ni kasi ya kumbukumbu, yaani RAM. Muuzaji huzitaja bila kusita, na bei hupanda pamoja nazo. Hata hivyo, tarakimu hizo ni upeo tu wala si ahadi, na wapo wengi wanaolipia kasi ambayo mashine zao hazitawahi kuifikia.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa kila sekunde. Zamani tarakilishi nyingi za mezani zilikuwa na kasi moja ya juu iliyowekwa kiwandani, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kasha. Mambo yalibadilika Novemba 2008, kampuni ya Intel ilipozindua prosesa za Core i7 zilizoweza kujiongezea kasi zenyewe kazi inapozidi, kwa mfumo ulioitwa Turbo Boost. Mshindani wake, AMD, alifuata mwaka wa 2010. Tangu wakati huo prosesa nyingi za michezo huwa na kasi mbili: ya msingi na ya kilele. Matangazo, bila shaka, huichagua ya pili.

Chukua mfano wa Core i5-12400F, prosesa ya bei ya wastani iliyotolewa Januari 2022. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.5, na ya kilele ni 4.4. Ina viini sita, yaani vitengo sita vinavyoweza kufanya hesabu kwa wakati mmoja. Ile 4.4 hupatikana viini vichache vinapokuwa kazini. Vyote sita vikishughulika, kasi hushuka chini ya hapo.

Sababu ni umeme na joto. Kwa mujibu wa Intel, prosesa hiyo hutumia wati 65 ikiwa katika kasi ya msingi na inaweza kufika wati 117 inapojiongezea kasi. Wati hizo zote hugeuka joto. Endapo kipoza, yaani feni na vyuma vyake, hakiwezi kuliondoa joto hilo upesi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mchezo huanza vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa picha huanza kukwamakwama, na mwenye mashine akadhani ameuziwa kifaa kibovu.

Hapa hali ya hewa ina usemi mkubwa kuliko wauzaji wanavyokiri. Feni haitengenezi baridi. Hupuliza tu hewa iliyomo chumbani. Prosesa iliyo katika chumba cha Mombasa chenye nyuzijoto 32 itakuwa na joto zaidi kuliko mwenzake aliye Limuru katika nyuzijoto 18, kwa takriban zile nyuzi 14 za tofauti, hata kama mashine zote mbili zinafanana kwa kila kitu. Vumbi likiziba matundu ya kasha hali huwa mbaya zaidi. Kwa mchezaji wa Pwani, fedha zinazotumika kununua kipoza imara mara nyingi huleta faida kuliko zile za kununua prosesa yenye kilele cha juu zaidi. Kwenye kipakatalishi, ambacho hakina nafasi ya kipoza kikubwa, pengo kati ya tarakimu ya kilele na kasi halisi huwa pana zaidi.

Hata watengenezaji wenyewe wamewahi kujikwaa katika mbio hizi. Mwaka wa 2019 wanunuzi wengi wa prosesa za Ryzen 3000 walilalamika kwamba hawakuwa wakiiona kasi ya kilele iliyotangazwa. Mwezi Septemba AMD ilikiri kuwapo kwa hitilafu, ikatoa marekebisho ya programu ya BIOS yaliyoongeza megahezi 25 hadi 50 hivi. Hilo lilikuwa dogo. Lililowakumba wateja wa Intel mwaka wa 2024 lilikuwa zito. Prosesa za kizazi cha 13 na cha 14, miongoni mwao Core i9-14900K yenye kilele cha gigahezi 6.0, zilianza kuzima michezo ghafla. Intel ilieleza kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipata volteji iliyozidi kiasi. Mwezi Agosti mwaka huo ikaanza kusambaza marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara. Hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kwa hivyo anayenunua prosesa ya vizazi hivyo ikiwa mtumba hana budi kuuliza iwapo BIOS yake ilisasishwa, na lini.

Isitoshe, gigahezi haziwezi kutumiwa kupima prosesa mbili zenye maumbile tofauti. Ryzen 7 7800X3D, iliyotolewa Aprili 2023, ina kilele cha gigahezi 5.0 pekee, ilhali ndugu yake 7700X hufika 5.4. Lakini katika michezo mingi ni ile ya kwanza inayoongoza, kwa kuwa ina megabaiti 96 za hifadhi ya ndani dhidi ya 32, hivyo haina haja ya kwenda kwenye RAM kila mara.

RAM nayo ina masharti yake. Kitengo kinachoiendesha kimo ndani ya prosesa, na ndicho kinachoamua ni aina gani na kasi gani inayokubalika rasmi. Core i5-12400F hukubali DDR4 ya kasi ya 3200 au DDR5 ya 4800, ikitegemea ubao mkuu uliochaguliwa, kwa sababu DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5. Ryzen 7 7800X3D hukubali DDR5 pekee, kwa kasi rasmi ya 5200.

Je, RAM iliyoandikwa 6000 itafanya nini hapo? Ikichomekwa tu, mara nyingi itafanya kazi kwa 4800 au kiwango kingine cha chini, hadi mwenyewe aingie katika BIOS na kuwasha mpangilio unaoitwa XMP kwa upande wa Intel au EXPO kwa upande wa AMD. Wapo watu waliokaa miaka wakiwa na RAM ghali inayotembea polepole kwa kukosa kugusa kitufe hicho kimoja. Nao ubao wa bei nafuu wenye chipu ya H610 hauruhusu kabisa kupita kasi rasmi, na kuuwekea RAM ya kasi kubwa ni kumwaga fedha.

Idadi ya vipande ina uzito pia. Prosesa za kawaida za michezo huwasiliana na RAM kwa njia mbili. Kipande kimoja cha DDR4 ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikiwekwa katika nafasi zinazofaa, hupitisha 51.2. Tarakilishi za ofisi zilizotumika Ulaya, ambazo vijana wengi huzigeuza kuwa za michezo, aghalabu huwa na kipande kimoja tu, na kuongeza cha pili kinacholingana nacho ni miongoni mwa marekebisho ya bei nafuu yenye manufaa zaidi. Vipande vinne, kwa upande mwingine, si lazima viwe bora. Kwenye 7800X3D, AMD hupunguza kasi rasmi kutoka 5200 hadi 3600 nafasi zote nne zinapojazwa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kuomba mashine iwashwe na mchezo uchezwe kwa dakika 20 huku akitazama kasi ya prosesa katika programu ya Windows inayoonyesha kazi zinazoendelea. Kasi ikishuka sana kadiri muda unavyopita, kipoza ndicho cha kushukiwa kwanza. Programu hiyo hiyo huonyesha kasi ya RAM. Anayetumia CPU-Z badala yake asishtuke akiona 1600 mahali alipotarajia 3200: RAM ya aina ya DDR hupeleka data mara mbili katika kila pigo, na CPU-Z huhesabu mapigo.