Watawa wa Hadrumetum

Katika pwani ya kaskazini ya Afrika, mahali ulipo leo mji wa Sousse katika nchi ya Tunisia, palikuwa zamani na mji ulioitwa Hadrumetum. Ndani yake ilikuwako nyumba ya watawa, na mkuu wao aliitwa Valentinus. Yapata mwaka 426 amani ya nyumba hiyo ilivunjika kwa sababu ya waraka mmoja.

Mtawa mmoja, jina lake Florus, alisafiri kwenda Uzalis, mji wa kwao. Huko aliukuta waraka ambao Augustino, Askofu wa Hippo, alikuwa amemwandikia padre mmoja wa Roma mwaka 418. Florus aliunakili, kisha akashika njia ya Karthago. Mwenzake Felix akarudi nao nyumbani. Watawa wakaanza kuusoma wao kwa wao, wala mkuu wao hakuwa na habari.

Waraka ulifundisha kwamba mtu haokolewi kwa wema wake mwenyewe. Mungu hamwiti mtu kwa sababu amemwona ni mwema. Humwita ili amfanye kuwa mwema, na hata imani anayoitikia nayo ni kipawa. Hiyo ndiyo neema, yaani fadhili isiyo mshahara wa kazi yo yote. Waliposikia hayo, wengine walifurahi, na wengine wakafadhaika, wakisema, “Kama ni hivyo, hiari ya mtu imekwisha. Kufunga na kukesha kwetu kuna faida gani?”

Yafaa kujua kwa nini Augustino alitilia mkazo neno hilo. Mwaka 410 mji wa Roma ulitekwa na Wagothi, na watu wengi wakakimbilia Afrika. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu mmoja aliyeitwa Pelagius, mtu mwenye bidii na maisha safi, aliyechukizwa na uvivu wa Wakristo wa Roma. Yeye alifundisha kwamba Mungu hamwamuru mtu jambo asiloliweza. Basi mtu akitaka kwa moyo wote, aweza kuzishika amri zote kwa nguvu alizoumbwa nazo. Ni mafundisho yanayompendeza mwenye nguvu. Lakini yamfaa nini yule aliyejaribu akaanguka, akajaribu tena akaanguka? Augustino alimjua mtu wa namna hiyo, kwa kuwa alikuwa yeye mwenyewe. Alizaliwa Tagaste mwaka 354, akapoteza ujana wake katika anasa. Aliijua njia njema miaka mingi asiweze kuishika, mpaka alipobatizwa Milano mwaka 387. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago mwaka 418, wakayakataa mafundisho ya Pelagius.

Basi ugomvi wa Hadrumetum ulipozidi, vijana wawili, Cresconius na Felix mwingine, waliondoka kwenda kumwuliza Augustino mwenyewe, mwendo wa maili zaidi ya 150. Walikwenda kwa haraka, hata hawakuchukua barua ya mkuu wao. Askofu, mzee wa miaka sabini na zaidi, angaliweza kuwarudisha. Lakini aliwapokea, akawakalisha mpaka Pasaka ikapita. Akawasomea kitabu alichokiandika Cyprianus, Askofu wa Karthago aliyeuawa mwaka 258, juu ya Sala ya Bwana. Aliwaonyesha kwamba mambo yale yale ambayo Mungu huyaamuru, Mkristo huyaomba. Ameamriwa kusamehe, asianguke majaribuni, aitakase siku yake. Naye kila siku hupiga magoti kuomba aweze hayo. Kama mtu hana hiari, amri ni ya nini? Na kama hiari inatosha, sala ni ya nini?

Tena aliwaeleza juu ya Paulo na Yakobo, maana watu hudhani mitume hao wanapingana. Paulo asema mtu huhesabiwa haki kwa imani. Yakobo asema imani pasipo matendo imekufa. Augustino alijibu kwamba imani aliyoinena Paulo ni ile yenye upendo ndani yake, na upendo hauwezi kukaa bila kutenda. Mtu hatii ili ainunue neema. Hutii kwa kuwa neema imemgusa. Ndivyo ilivyo shambani: mkulima hulima na kupanda, lakini jembe lake haliwezi kuleta mvua, naye aliyelala nyumbani hana mbegu ya kunyeshewa. (Mfano huu haufiki mwisho, kwa kuwa Augustino angesema hata nguvu ya mkono unaolima imetoka kwa Mungu.)

Vijana wakarudi na kitabu alichowaandikia watawa, juu ya neema na hiari. Lakini neno jipya likazuka. Mmoja alisema, “Basi mkuu wetu atufundishe na kutuombea, lakini tukikosa asitukemee. Asiyetii hakupewa neema. Kwa nini alaumiwe?” Swali hili si la watawa peke yao, mtoto ye yote aliyeacha kufagia uwanja aweza kulibuni.

Augustino aliandika kitabu cha pili. Kosa, alisema, ni la mkosaji mwenyewe, wala hakulitenda mtu mwingine. Na yule asiyetaka kukemewa ndiye hasa apaswaye kukemewa, kama vile mgonjwa akataaye dawa. Maonyo yenye upendo huuma, na maumivu yaweza kumfanya mtu aombe. Pengine hiyo ndiyo njia ambayo neema imechagua kumjia.

Florus naye alikwenda Hippo, akichukua barua ya Valentinus.

Baada ya miaka michache Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Augustino akashikwa na homa. Possidius, rafiki yake, ameandika kwamba mzee huyo aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake. Kwa siku kumi hivi hakutaka mtu aingie, ila wakati wa tabibu na wa chakula. Alilala akizisoma, akilia machozi kwa dhambi zake, hata akafa tarehe 28 Agosti mwaka 430.