Mtoto Chotara na Ukoo Wake

Katika miji ya mashariki ya Kongo wako watoto ambao mama zao ni dada zetu, na baba zao ni askari wa Umoja wa Mataifa waliokuja tangu mwaka 1999, kisha wakarudi makwao. Penye bomba la maji wenzao huwaita “Muzungu”. Mtoto wa miaka sita hucheka pamoja nao. Yule wa miaka kumi na miwili hungoja giza ndipo aende kuchota.

Nasi watu wa misioni jambo hili latuhusu. Zamani za Wabelgiji, serikali iliwatafuta watoto waliozaliwa na mama mweusi na baba mzungu, ikawanyang’anya mama zao na kuwaweka kwa masista, kama Katende katika Kasai na Save katika Rwanda. Waliitwa watoto wa dhambi. Kana kwamba mtoto ndiye aliyetenda! Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017, na waziri mkuu Charles Michel mwaka 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua kwamba kuchukuliwa kwa wanawake watano namna hiyo, kabla hawajatimiza miaka saba, kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Wote walikuwa wamepita miaka sabini. Wenzao wengi walizeeka wakitafuta majina ya mama zao katika karatasi za serikali.

Basi mtoto akiuliza, “Baba yangu ni nani?”, mama asiseme amekufa ikiwa hajafa. Amwambie analolijua, kwa maneno machache, wala asimtukane baba mbele yake. Mwalimu naye asizifanyie mzaha nywele zake darasani. Na kijana akikosa usingizi, akikataa chakula, au akisema heri afe, msimkemee tu na kumwombea: siku ile ile mpelekeni kwa daktari, wala msimwache peke yake.

Lakini dawa kubwa twaiona mikononi mwa wajomba. Mwaka jana tulikuwa matangani, kazi zikagawanywa. Kijana mmoja chotara alikaa kando pamoja na wageni. Mjomba wake akamwita kwa jina la babu yake, mbele ya watu wote, akamkabidhi shoka. Akapasua kuni mpaka jioni.