Bibi si Mchawi, Anaumwa

Mama mkwe ameamka saa nane za usiku, anazunguka uani akimwita mumewe aliyekwisha kufariki. Asubuhi analalamika hajala, na sahani yake ndiyo kwanza umeiosha. Jirani anachungulia, kisha mnong'ono unaanza: "Yule bibi anawanga."

Akina mama wa Mpanda na Katavi yote, mnong'ono huo si wa kupuuzwa. Katika mikoa ya magharibi ya nchi yetu vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa ajili tu ya macho mekundu yaliyochomwa na moshi wa kuni.

Je, bibi amepatwa na nini? Mara nyingi ni ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Fikiri reli yetu itokayo Kaliua. Mataruma yakiharibika, reli hulegea na mizigo haifiki Mpanda. Ndani ya chembe za ubongo zimo njia kama hizo za kupitishia mahitaji, na protini iitwayo tau ndiyo huzishikilia. Katika ugonjwa huu tau hubadilika, huachia njia na kujisokota mafundo. Protini nyingine, amiloidi, hurundikana nje ya chembe. Chembe hufa polepole, hasa zile zinazohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana bibi husahau uji wa leo, lakini hukusimulia ujana wake.

Wala si ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 uliona kwamba watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Basi tufanyeje? Kwanza, mpeleke hospitali. Maambukizi, upungufu wa vitamini au huzuni nzito pia huvuruga akili, na hayo yana tiba. Alzheimer haina dawa ya kuiponya, ila matunzo humpunguzia bibi mahangaiko. Usibishane naye, mjibu kwa upole. Funga mlango usiku, mweke mbali na moto, na mpeane zamu na mawifi.

Zaidi ya yote, waambie majirani, mwenyekiti wa kitongoji na wenzako kanisani: "Mama anaumwa ubongo." Neno hilo laweza kuokoa maisha yake. Mungu ameahidi kutubeba hata tukiwa na mvi (Isaya 46:4). Kwa bibi huyu, mikono ya kumbeba ni yako.