Kadi Nyekundu Isiyovuka Mtaa wa Msimbazi

Mtoto wa miaka 14 akivamiwa kwa daluga mbili za goti, watu wa pembeni ya uwanja huwa na hukumu mbili tu. Akiinuka: "Hamna kitu, twende kazi." Asipoinuka, mwamuzi aanze kutafuta pa kutokea. Hukumu zote mbili zinamtazama aliyelala chini, na zote mbili zinapingana na sheria ya mpira.

Sheria namba 12 haimuulizi mwamuzi kama mfupa umevunjika. Inamuuliza mkabaji kaingiaje. Akiingia kizembe, bila uangalifu wa kutosha, ni faulo na mchezo unaendelea. Akiingia bila kujali kwamba mwenzake anaweza kuumia, ni kadi ya njano. Akitumia nguvu kupita kiasi, au akihatarisha usalama wa mpinzani, ni nyekundu, hata kama aliyechezewa karuka juu akatua salama salimini. Kelele mbili utakazozisikia jioni yoyote kwenye uwanja wa Kidongo Chekundu, "kacheza mpira!" na "hakukusudia!", hazimwokoi mtu. Unaweza kuugusa mpira kwa ncha ya kiatu, kisha ukamalizia muundi wa mwenzako kwa meno ya daluga. Ni nyekundu hiyohiyo.

Kadi, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kufungiwa, na hapo ndipo soka letu la watoto linapotia aibu.

Kwa wakubwa njia inajulikana. Mwamuzi anaandika ripoti, kamisaa anaandika yake, picha za televisheni zinatazamwa, suala linafika kwenye Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ile ambayo mashabiki wameizoea kama Kamati ya Saa 72. Novemba 2023 Khalid Aucho wa Yanga alifungiwa mechi 3 na kutozwa faini ya Sh 500,000 kwa kiwiko alichompiga mchezaji wa Coastal Union. Kumbukumbu nazo zina kazi yake. Juma Nyosso alipomdhalilisha John Bocco wa Azam uwanjani mwaka 2015, alifungiwa miaka 2. Halikuwa kosa la kuvunja mguu wa mtu, lakini mapema mwaka huohuo alikuwa amekwisha kufungiwa mechi 8 kwa kosa la aina hiyo. Aliyerudia alijulikana kuwa amerudia, kwa sababu mahali fulani jina lake lilikuwa limeandikwa.

Sasa njoo Kariakoo. Klabu ya Simba iko Mtaa wa Msimbazi, Yanga iko Twiga na Jangwani, na ofisi za TFF zipo Karume, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni. Bustani ya vijana ya Jakaya Kikwete, pale Kidongo Chekundu, ilifunguliwa mwaka 2015 ikiwa na nyasi bandia. Ni vigumu kupata eneo jingine nchini lenye mpira mwingi kiasi hiki ndani ya mitaa michache. Na wingi huo ndio tatizo lenyewe. Kila bonanza lina kamati yake, kila ndondo ina kanuni zake, na kila kocha wa mtaa anajua pa kupata mamluki wa kuongeza nguvu Jumapili. Kijana aliyetolewa Jumamosi kwa kuingia miguu miwili anaweza kesho yake kuvaa jezi nyingine Ilala au Magomeni, na mwamuzi wa huko hana namna ya kujua. Adhabu imebaki kwenye uwanja ilikotolewa.

Wenzetu wanaocheza magongo juu ya barafu wamepambana na jambo hili muda mrefu kuliko sisi. Tarehe 30 Oktoba 2009, katika ligi ya vijana ya Ontario, Kanada, Michael Liambas mwenye miaka 20 alimbamiza ukutani Ben Fanelli wa miaka 16. Fanelli alivunjika fuvu. Kamishna wa ligi, David Branch, akamfungia Liambas msimu wote uliobaki pamoja na mechi za mtoano, na kwa kuwa miaka 20 ndiyo ukomo wa ligi ile, maisha yake katika magongo ya vijana yakaishia hapo. Hapakuwa na timu nyingine ya ligi hiyo ambayo angeweza kuhamia wiki iliyofuata.

Lakini Wakanada hawakuishia kwenye kufungia. Utafiti uliotoka mwaka 2010 ulilinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, walioruhusiwa kupigana vikumbo, na wa Quebec, waliokatazwa. Hatari ya kuumia kwa wa Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wa Quebec. Mwaka 2013 chama chao cha taifa kikapiga marufuku vikumbo kwa umri huo nchi nzima. Soka nalo lina ushahidi wake. Mwaka 2006 waamuzi waliagizwa kutoa nyekundu kwa kiwiko cha makusudi kichwani, na watafiti waliopitia misimu ya Bundesliga kabla na baada ya agizo hilo waliona majeraha ya kichwa yamepungua kwa 29%. Agizo halikuongeza urefu wa adhabu. Liliwafanya wachezaji wajue kwamba kadi itatoka. Ndiyo maana sishabikii wazazi wanaodai mtoto afungiwe mwaka mzima. Mwaka ni sehemu kubwa mno ya utoto, na adhabu ambayo kila mtu anaona imezidi haitatekelezwa. Mechi tatu zinazohesabiwa kwenye kila uwanja kuanzia Jangwani hadi Ilala zinatisha kuliko mwaka unaoishia getini.

Ili zihesabiwe hivyo, vinahitajika vitu viwili vya bei rahisi. Cha kwanza ni ripoti iliyoandikwa vizuri. "Kacheza rafu mbaya" haimfungii mtu. Andika dakika, mpira ulikuwa wapi, aliruka au alikimbia, mguu mmoja au miwili, meno ya kiatu yalielekea wapi, yaligusa sehemu gani ya mwili. Cha pili ni waandaaji wa mabonanza kukubali daftari moja la majina, hata kama ni kundi la WhatsApp lenye picha za wachezaji, na kila mmoja wao kuheshimu kifungo kilichotolewa na mwenzake.

Daftari hilo lingefaa pia kwa mtu tunayemsahau kabisa, aliyepigwa. Ubongo wa mtoto uliotikiswa hupona polepole kuliko wa mtu mzima, mara nyingi hadi wiki nne, na pigo la pili kabla haujapona linaweza kuua. Januari 2011 mwanafunzi wa miaka 14 huko Ireland ya Kaskazini alifariki baada ya kugongwa kichwa katika mechi ya raga, kuendelea kucheza, na kugongwa tena. Huku kwetu anayezubaa baada ya kiwiko humwagiwa maji, huulizwa matokeo ni ngapi, akijibu anarudishwa uwanjani. Anatakiwa atoke palepale na asirudi siku hiyo. Akitapika, akisinzia ovyo au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali bila kusubiri filimbi ya mwisho. Kwa hiyo kiwiko kimoja cha kichwa kiandikwe kwa majina mawili: la aliyepiga, mbele yake idadi ya mechi iliyopangwa na kamati, na la aliyepigwa, mbele yake tarehe ya kurudi iliyopangwa na daktari, si na kocha.