Madhara ya Virusi Yanayochelewa Kuonekana

Mwaka 2009 virusi vya polio vilivyotoka kusini mwa Sudani viliingia Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, vikawapoozesha watoto katika eneo ambalo wafugaji wake huvuka mipaka na mifugo wakitafuta maji na malisho, na ambalo familia nyingi huishi mbali na hospitali za Lokitaung na Lodwar. Mlipuko huo ulizimwa kwa kampeni za chanjo, lakini kwa waliougua mambo hayakuishia hapo, kwa kuwa virusi vinavyoshambulia ubongo na uti wa mgongo huweza kuacha madhara yanayojitokeza miongo kadhaa baada ya homa kusahaulika.

Virusi vya polio huingia kwa mdomo na kuzaliana utumboni, na kwa takriban mtu 1 kati ya 200 walioambukizwa huua seli za neva zinazoendesha misuli. Seli zilizonusurika huchipua matawi mapya na kuichukua misuli iliyopoteza neva zake, kama ndugu anayelea mayatima pamoja na watoto wake mwenyewe, na ndiyo maana mtoto aliyepooza huweza kupata nafuu. Mzigo huo, hata hivyo, ni mzito, na baada ya miaka 15 hadi 40 matawi hayo huweza kuanza kufa, misuli ikadhoofika upya na uchovu ukazidi, hali inayoitwa sindromu ya baada ya polio. Waliopooza mwaka 2009 ndio kwanza wanakifikia kipindi hicho, na wanastahili kupimwa, si kuambiwa kwamba ni wavivu.

Surua inatisha zaidi: mara chache virusi vyake hubaki ubongoni, na miaka 7 hadi 10 baadaye huuharibu, mtoto akapoteza kumbukumbu, viungo vikamshtuka, na hatimaye, mara nyingi, akafa. Kuhusu uhusiano wa virusi na dimensia, yaani kudhoofika kwa akili kunakowapata hasa wazee, ushahidi ungali unakusanywa, ila utafiti wa Wales uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba chanjo ya mkanda wa jeshi, ugonjwa wa virusi vya tetekuwanga vilivyolala katika neva, ilipunguza visa vya dimensia kwa takriban moja ya tano.

Mwaka 2024 polio iligunduliwa tena Turkana, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, safari hii ikiwa ya virusi vya chanjo vilivyobadilika vikisambaa miongoni mwa wasiochanjwa vya kutosha. Wazazi wa Turkana, wawe wakazi au wakimbizi, wahakikishe watoto wao wanamaliza dozi zote za polio na wanachanjwa surua wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18.