Uzazi wa Mpingo katika Nchi ya Shinyanga

Sisi wakulima wa karafuu tumezoea kuuzuia mti usizae. Karafuu tunazoanika jamvini ni maua yaliyochumwa kabla hayajafunguka, na mkarafuu huachiwa mpeta pale tu tutakapo mbegu. Mpingo una desturi nyingine, na habari yake katika Shinyanga yafaa ijulikane huku visiwani.

Mpingo ndio ule mti wa kiini cheusi, mzito hata ukizama majini, uchongwao vinyago na Wamakonde na kutengenezwa klarineti huko Ulaya. Hukua polepole mno. Hupita miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kupasuliwa. Tangu mwaka 2017 biashara yake baina ya nchi na nchi yasimamiwa na mkataba wa mataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini.

Maua yake ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri, na nyuki huyapenda sana. Baadaye hutoka maganda bapa, mepesi kama karatasi, kila moja likiwa na mbegu moja au mbili. Ganda halipasuki, upepo hulichukua pamoja na mbegu yake. Mbegu huota upesi ikipata mvua, lakini mche wake ni dhaifu, na moto wa nyasi huuteketeza.

Basi mpingo una njia ya pili. Ukikatwa au ukiungua, mizizi hubaki hai na kutoa maotea. Mtu aonaye mashina kumi pamoja huenda anatazama mti mmoja tu! Oteo ni damu ile ile ya mama yake, lakini mbegu hutokana na wazazi wawili waliokutanishwa na nyuki, na watoto hutofautiana: huyu avumilia ukame, yule hunyooka.

Hapa ndipo penye hatari. Wapasuaji hutaka mashina manyoofu, nayo ndiyo hukatwa kwanza. Iliyopinda ndiyo inayobaki kuzaa. Kweli, si kila upindo ni wa kurithi, maana ukame, moto na meno ya mbuzi navyo hupinda mti. Lakini msitu waweza kuonekana umejaa, kumbe wazazi ni wachache.

Shinyanga ilipoteza miti mingi. Zamani za Waingereza mapori yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, wale inzi wauao ng'ombe. Baadaye yakafyekwa kwa mashamba ya pamba na kwa kuni. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Jambo lililofaa zaidi, kwa maoni yangu, halikuwa kupanda miche, bali kurudia desturi ya Wasukuma ya ngitili: malisho hufungwa wakati wa mvua, hufunguliwa kiangazi majani yakiwa haba. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilipita hekta 300,000 kazi ilipomalizika mwaka 2004, katika mkoa ule wa zamani kabla haujagawanywa. Migunga na miti mingine ilichipuka yenyewe kutoka mizizi iliyolala ardhini.

Walakini mizizi hurudisha ile miti iliyosalia tu. Damu mpya huja kwa mbegu, na mbegu huhitaji miti mizima iachwe miaka mingi bila kukatwa, tena iwe mingi, nyuki wapate kuvuka kutoka huu hadi ule. Mwenye kukusanya mbegu achume miti mingi iliyo mbalimbali, wala asiagize za pwani ya Lindi kupanda Shinyanga kwenye mvua chache.

Mikarafuu yetu nayo ilitokana na miche michache iliyoletwa kutoka visiwa vya Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo atakayeotesha kitalu asiokote mpeta wa mti mmoja ulio karibu na nyumba. Achague miti kadhaa yenye afya, hata kwa jirani, na apande upesi, kwani mbegu ya mkarafuu ikikauka haioti tena.